Juu ya Kununua Motokaa Kuukuu

Mithali zetu hugombana zenyewe kwa zenyewe. Moja yasema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Nyingine yasema kuwa ya kale ni dhahabu. Watu wengi huishi kwa ile ya kwanza, na sisi wachache tuishio kwa ya pili huchekwa sana, wala si bila ya sababu. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu, na udaktari wangu ni wa fasihi, hauhusu mitambo hata kidogo. Lakini kwa miaka kumi na miwili sasa nimekuwa nikitafuta, nikitazama, na mara chache nikinunua motokaa za kale zilizoundwa na kampuni za Marekani. Hizo mara chache ni mbili. Mshahara wa mwalimu huyaruhusu macho kununua kila siku, na mkono kununua kwa nadra. Insha hii yahusu ununuzi wa pili, uliofanyika katika Mkoa wa Singida, pamoja na swali ulilonizulia, ambalo vitabu vya wakusanyaji havikuniandalia jibu.

Yafaa kwanza nieleze mkusanyaji ni nani, maana wengi humchanganya na maskini. Mtu anunuaye motokaa ya miaka thelathini kwa sababu hana fedha za kununua ya miaka mitatu ni msafiri mwenye haja, na haja yake ikitimia ataiacha njiani bila ya kugeuka. Mtu aninunuaye ile ile ili aiuze kesho kwa faida ni mchuuzi. Mkusanyaji ni yule aitakaye kwa sababu ya ukale wake. Haimpeleki sokoni wala haimwingizii kitu, naye huitazama jioni kama mfugaji atazamavyo fahali wake zizini. Mke wangu huita jambo hili maradhi. Mimi huliita elimu, na tumekubaliana kutolijadili mbele ya watoto.

Huko Marekani ukusanyaji huu umekuwa biashara kubwa yenye sheria zake, waamuzi wake na minada yake. Mwezi wa Agosti 2018, katika mnada wa Pebble Beach, California, motokaa ya Duesenberg aina ya SSJ iliyoundwa mwaka 1935 iliuzwa kwa dola milioni 22. Ziliundwa mbili tu za aina hiyo, na hiyo iliyouzwa ilikuwa ya mchezaji filamu Gary Cooper. Preston Tucker naye aliunda motokaa 51 tu kabla ya kiwanda chake cha Chicago kufungwa, na zilizosalia leo hujulikana moja moja zilipo, kama watoto wa jumbe. Corvette za mwaka wa kwanza, 1953, zilikuwa 300. Uchache basi ni nguzo ya kwanza ya bei. Nguzo ya pili ni asili. Namba iliyogongwa juu ya injini yapasa ioane na ile ya motokaa yenyewe. Rangi iwe ile iliyopakwa kiwandani. Kiti kiwe na kitambaa kile kile. Hata parafujo za mlango ziwe za mwaka ule. Namba zikioana bei hupanda, zikikataana hushuka, hata kama chombo chaenda kama upepo. Mkusanyaji hodari hujivunia kwamba motokaa yake haikuguswa na mkono wa mtu tangu ilipotoka kwa muundaji. Nawaomba wasomaji walishike neno hili la mkono wa mtu, kwa kuwa tutarudi kwake.

Katika nchi zetu mkusanyaji hana mnada wa kumfaa, wala haruhusiwi kuagiza kitu cha kale apendavyo. Kenya hukataa motokaa iliyozidi miaka minane tangu kuundwa. Uganda, tangu 2018, hukataa iliyotimiza miaka kumi na mitano. Tanzania haikatai, lakini huongeza ushuru kwa kadiri ya umri, hata mtu akaona kwamba anatozwa faini kwa kuwaheshimu wazee. Sheria hizi ni za busara, maana zatukinga tusiwe jalala la vyuma vya wenzetu, nami sizilalamikii. Matokeo yake ni kwamba hazina yetu imefungwa mlango: hutafutwa katika zile motokaa zilizoingia zamani, zilizosalia nyuma ya maduka, katika karakana za misheni, na vijijini chini ya miti. Wapenzi hawakosekani. Nairobi wamekuwa na mashindano ya uzuri wa motokaa tangu mapema katika miaka ya 1970, na mwezi wa Oktoba 2024 mjini Arusha zilikusanyika Land Rover mamia kwa mamia, watu wakazishangilia kama jeshi lililorudi vitani. Mshangiliaji mmoja aliniambia kwa fahari kwamba huo ni Uingereza mtupu. Sikutaka kumharibia siku, lakini Land Rover ya kwanza ya 1948 ilibuniwa kwa kufuata jipu ya Willys, mali ya Wamarekani.

Kwa kweli asili ya motokaa zetu imechanganyika kuliko tunavyodhani. Watu wengi husema "lori la Marekani" juu ya chombo ambacho hakikupata kuiona Marekani. Kampuni ya Ford ya Kanada ilipewa tangu 1904 haki ya kuuza katika nchi za Dola ya Kiingereza, isipokuwa Uingereza yenyewe na visiwa vyake vya jirani. Na General Motors nao walikuwa na kiwanda chao Oshawa, katika jimbo la Ontario. Huko ndiko zilikowekewa usukani upande wa kulia kwa ajili ya barabara za makoloni. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, Uingereza ikawa na uhaba mkubwa wa dola, na uagizaji wa vitu vya dola ukabanwa katika makoloni yake. Ndipo Bedford na Austin na Leyland zilipoijaa nchi, na Chevrolet na Ford zikawa adimu. Hata hivyo Bedford ile, ambayo wazee wetu waliisifu kwa uaminifu, ni mtoto wa Chevrolet: General Motors waliinunua Vauxhall mwaka 1925, na lori la kwanza la Bedford lililotoka 1931 lilikuwa kizazi cha Chevrolet zilizokuwa zikiungwa Uingereza. Wamarekani wenyewe walipokuja kwa matarumbeta hawakufua dafu. Wakati wa Pasaka ya 1964 kampuni ya Mercury ilileta motokaa zake za Comet katika mashindano ya East African Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari 94 yalianza, 21 yakamaliza, na miongoni mwa hayo Comet zilikuwa mbili, tena nyuma kabisa. Matope hayakusoma matangazo yao.

Sasa kwa nini Singida? Sababu ya kwanza ni hewa. Mkoa ule hupata mvua ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, nayo hunyesha kwa msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili. Miezi mingine yote jua na upepo hukausha kila kitu. Adui mkubwa wa motokaa ya kale ni kutu, na kutu hupenda unyevu na chumvi. Nimeona Tanga motokaa ya miaka ishirini ambayo sakafu yake ilipitisha mguu, na nimeona Manyoni bati la miaka sabini lililong'aa lilipopanguswa kwa kitambaa. Wakusanyaji wa Marekani wanajua siri hiyo, ndiyo maana husafiri mpaka jangwa la Arizona kutafuta motokaa. Asidanganyike mtu, hata hivyo, kuliegesha gari lake ukingoni mwa Ziwa Singidani, ambalo maji yake yana chumvi na upepo wake unaijua kazi yake.

Sababu ya pili ni historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Manyoni hadi Kinyangiri; katika miaka ya 1940 tawi lile likafungwa na reli zake zikang'olewa, na garimoshi halikurudi Singida mpaka miaka ya 1990. Katika nusu karne ile kila gunia la mtama na la karanga, kila furushi la ngozi, kila debe la asali na kila mgonjwa aliyepelekwa hospitali alibebwa na lori, au hakubebwa. Singida iliishi kwa lori kama Pwani ilivyoishi kwa jahazi. Na njia zake hazikuwa za mchezo. Mlima Sekenke, uliopo kwenye njia ya kwenda Nzega, uliogopwa na madereva mpaka barabara ya lami ilipojengwa; utingo alishuka na kutembea nyuma ya lori akiwa na gogo mkononi la kukingia gurudumu.

Jina la Sekenke wakusanyaji wa dunia wanalijua kwa sababu nyingine. Dhahabu ya pale ndiyo waliyoitumia Wajerumani mwaka 1916, walipokuwa wamezingirwa, kupigia Tabora sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, na sarafu ile leo hununuliwa Ulaya kwa bei ya kutisha. Basi Singida imekwisha kuwatajirisha wakusanyaji mara moja, na nilipokuwa njiani kwenda huko nilijiuliza kama mimi naenda kuwa wa pili.

Marekani nayo ilifika nchi hizi za bara kabla ya motokaa, nayo ilifika kama nguo. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, bafta la viwanda vya Massachusetts lilishuka Unguja kwa majora, likabebwa kwa vichwa vya wapagazi mpaka Mgunda Mkali, pori lile kavu la upande wa Manyoni na Itigi, na kupita. Lugha yetu ikaliita merikani, na kwa watu wengi wa bara neno hilo la nguo lilitangulia kuijua nchi. Hakuna aliyeikusanya merikani. Ilivaliwa shuka, ikachakaa ikawa mbeleko, ikachakaa tena ikafungiwa kidonda, ikaisha. Jambo hili halikunigusa nilipolifundisha darasani. Lilinigusa nilipoliona lori.

Habari za lori niliziletewa na mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Wilaya ya Mkalama, kwamba katika kijiji kilichoko upande wa pili wa Iguguno, kama mtu aendaye Kinyangiri, kuna bibi mmoja mjane ambaye kuku wake hulala ndani ya Chevrolet. Nilikwenda wakati wa likizo, mwezi wa Julai, alizeti zikiwa zimekwisha kuvunwa na vumbi likiwa jekundu mpaka kwenye nyusi. Lori lilikuwa chini ya mgunga, limezama mchangani kiasi cha shubiri mbili. Bodi ya mbao ya nyuma ilikuwa imeliwa na mchwa, lakini kabini ilikuwa nzima. Mbele palikuwa na zile mbavu tano za kulala ambazo ndizo alama ya Chevrolet za kuanzia 1947 hadi 1953. Milango yake haikuwa na kile kidirisha cha pembeni kilichoongezwa 1951. Kwa hiyo niliweza kuutaja umri wake kabla ya kusoma kitu, na niliposugua kibati cha ndani kwa kidole likajitokeza jina la Oshawa, Ontario. Moyo ulinidunda, nakiri. Ubavuni mwa bodi pamesalia neno moja la rangi nyeupe, "Akipenda". La kwanza limekwenda na ubao wake, na kila msomaji aweza kulijaza.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa kuku au kwa gari?"

Swali hili lilikuwa la haki, kwa sababu wachuuzi wa kuku wa kwenda Dar es Salaam hupita kijijini pale kila juma. Nilipomwambia kuwa nimekuja kwa gari, alimtazama mjukuu wake, na mjukuu akatazama chini. Nikafahamu kwamba pana shauri kati yao. Baadaye kijana yule alinieleza mwenyewe, kwa adabu na bila ya kuficha: mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kuja mara mbili, atoa shilingi 800 kwa kilo, na amekisia kuwa chuma kilichobaki ni kilo 1,400. Hiyo ni shilingi 1,120,000, ambayo ni malipo ya kwanza ya pikipiki, na pikipiki ni kazi. Simlaumu hata chembe. Lori hilo lilikuwa kazi ya babu yake. Yeye ataka kuligeuza liwe kazi yake. Chuma chakavu hupelekwa kuyeyushwa, hutoka nondo, na nondo hujenga nyumba. Ukilitazama jambo hivi, mharibifu wa vitu ni mkusanyaji, anayekizuia chuma kisifanye kazi yake ijayo.

Bibi alinisimulia maisha ya lori kwa utaratibu, kama mtu ahesabuye watoto. Mumewe alikuwa utingo, kisha dereva wa mwenye duka mmoja mjini Singida. Mwaka 1971 mwenye duka alipohama nchi alimwachia dereva wake lori badala ya mishahara aliyokuwa akimdai. Liliendelea kubeba ngozi na mtama mpaka baada ya vita vya Kagera, wakati petroli ilipogawiwa kwa vibali na tairi likawa halipatikani hata kwa bei ya ng'ombe. Mwaka 1980 lilisimama chini ya mgunga. Mzee alisema kuwa limepumzika. Hakusema kuwa limekufa, na mpaka anafariki hakukubali mtu aliite kifaa kibovu.

Nikaanza kulikagua kwa sheria za kitabu, na hapo ndipo furaha yangu ilipoanza kupata ugumu. Injini haikuwamo. Ile ya kwanza, ya silinda sita, ilikufa kabla ya Uhuru haujatimiza miaka miwili. Na niliposikia kuwa ilikufa ikipanda Sekenke na shehena ya karanga, nilielewa kwa nini. Chevrolet za miaka ile zilikuwa na injini ya inchi 216 za ujazo, ambayo konrodi zake zilipata mafuta kwa kuyateka na vijiko vidogo kila zilipozunguka. Katika barabara tambarare utaratibu ule hutosha; katika mlima mrefu, kwa mwendo wa nguvu na mafuta machache, beringi huungua. Mahali pake akatia injini ya Bedford, akiibadilisha mikono yake ya kushikia kwa chuma alichokata mwenyewe. Mtoto akakaa kiti cha mzazi. Hiyo Bedford nayo iliuzwa 1984, wakati wa karo za watoto.

Rimu mbili zimetundikwa penye shule ya msingi, moja ndiyo kengele na ya pili ni akiba yake. Ekseli ya mbele iko chini ya mkokoteni wa ng'ombe wa jirani, ambao nilipishana nao asubuhi ile ile ukibeba maji. Springi zilikwenda kwa mhunzi moja moja, zikawa visu na mashoka ya nyumba nyingi; kisu alichotumia bibi kumchinjia mgeni wake jogoo, mgeni mwenyewe akiwa ni mimi, kilikuwa jani la tatu la springi ya nyuma. Tangi la petroli ni pipa la kuwekea mbegu. Lori lile lilikuwa limetawanyika kijijini, na sehemu zake nyingi zilikuwa kazini wakati kabini imelala.

Usiku ule nilimpigia simu rafiki yangu wa Nairobi, mkusanyaji mwenye fedha na ujuzi kunizidi, nikamweleza. Jibu lake lilikuwa jepesi: kusanya vyote. Mpe mwenye mkokoteni ekseli nyingine, tena nzuri zaidi. Wape shule kengele ya shaba. Tafuta injini ya 216 Afrika Kusini, ambako zipo. Bodi itupe, itengenezwe mpya kwa kipimo cha kiwanda. Bila ya hayo, alisema, unanunua debe. Hoja hii haikuwa ya kipuuzi. Kesho yake nilimwuliza mwenye mkokoteni, akakubali papo hapo, na kwa bei iliyoonyesha kuwa ekseli ile si hirizi kwake. Mwalimu mkuu naye alicheka, akasema kengele ya shaba itasikika vizuri zaidi. Hakuna aliyeshikilia kitu. Mimi niliyekuja kutoka chuoni nikitarajia kuona watu wameshikamana na mabaki ya zamani, niliwakuta wote tayari kupokea kilicho bora, jambo ambalo ndilo lililowafanya waitumie ekseli ile tangu mwanzo.

Aliyekataa alikuwa bibi peke yake, naye hakukatalia vile vilivyotawanyika. Nilikuwa nimefungua daftari, namwonyesha yale nitakayoondoa ili lori lirudi kama lilivyokuwa: kiti cha ngozi ya ng'ombe kilichoshonwa kwa kamba ya mkonge, kishikio cha mlango kilichochongwa kwa mti, taa ya kushoto iliyofungwa kwa kopo la samli, na ile mikono ya injini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mwalimu, vyote unavyotaka kutupa ndivyo vyake. Hivyo unavyotaka kubakiza ni vya Wazungu. Vya Wazungu umevisomea nambari. Vyake yeye vina nambari gani?"

Nimefundisha uhakiki kwa miaka mingi, na mara chache nimesikia hoja ikienda mbio namna ile mpaka penye mzizi. Sheria ya asili, kama wanavyoifuata wakusanyaji, yasema kwamba motokaa ni kweli siku ile tu inapotoka kiwandani, na kila siku inayofuata ni upungufu. Lori lile lilikuwa la Oshawa kwa majuma machache, pengine miezi, likiwa limefungwa katika meli. Lilikuwa la Singida kwa zaidi ya miaka sabini. Kulirudisha Oshawa ni kumfuta mtu aliyeliendesha, na kumfuta kwa fedha nyingi, na kisha kujisifu kuwa halikuguswa. Duesenberg ile ya dola milioni 22 yakumbukwa kwa jina la aliyekuwa nayo, na ukumbusho huo huongeza bei yake. Dereva wa Iramba akiacha mkono wake katika mlango wa lori, huitwa kasoro.

Nasema hivi bila ya kuidharau elimu ya wenzangu. Mahali ambapo vitu ni vingi na alama za watu juu yake ni chache, pana faida kuhifadhi kimoja kama kilivyozaliwa. Na kama injini ya 216 ingekuwamo, ningeitunza kama mboni ya jicho. Lakini huku kwetu kiwanda kilikuwa mbali, vipuri vilikuwa mbali zaidi, na uundaji halisi wa motokaa ulifanyika chini ya miti, na watu ambao hawakuandika. Ukiondoa kazi yao ili kusafisha, hukuna pa kuisoma tena.

Tulipatana siku ya tatu, mbele ya mtendaji wa kijiji, kwa kuwa kadi ya lori ilikwisha kupotea. Bei ilikuwa shilingi 1,900,000, nami nasikia haya kidogo mbele ya mke wangu kuitaja. Kijana alipata malipo yake ya kwanza ya pikipiki na akiba. Bibi aliongeza masharti mawili, yakaandikwa katika karatasi ile ile ya mauziano, kwa mwandiko wa mtendaji, ambao ni mzuri kuliko wangu: kwamba kiti cha ngozi hakitaondolewa, na kwamba mnunuzi atajenga banda la kuku la mabati sita kabla ya lori kuondoka. Ekseli ilibaki chini ya mkokoteni. Kengele ilibaki shuleni. Nilichochukua kutoka katika vile vilivyotawanyika ni maelezo: nilizunguka na daftari nyumba kwa nyumba, nikaandika kila kipande kilipo, nani alikigeuza, kiwe nini, na mwaka gani kwa kadiri ya kumbukumbu zao. Orodha hiyo ina kurasa kumi na moja. Rafiki yangu wa Nairobi nilipompelekea nakala alinijibu kwamba hajaona motokaa yenye karatasi nyingi namna hii na vyuma vichache namna hii.

Banda lilichukua siku mbili. Lori lilivutwa mchangani kwa ng'ombe wanane, likapakiwa juu ya Fuso, bibi akisimama pembeni na kuelekeza kamba zifungwe wapi, maana alipata kuona kazi hiyo mara nyingi kuliko sisi sote. Tulipofika Manyoni kunywa chai, dereva wa Fuso alisikia mlio, akapanda kutazama, akakuta mitetea miwili chini ya kile kiti cha ngozi, mmoja akiatamia. Nilimpigia simu bibi. Alisema nimlipe huyo mmoja kwa bei ya Singida na huyo anayeatamia kwa bei ya Dar es Salaam, na nisimsogeze mpaka avitotoe.